Kaa wa Aina ya Tatu

Jumatatu, 6 Oktoba 1997

Vuli imeanza mapema, na mimi nimeanza nayo. Kuanzia leo nitaandika, kwa sababu kazi niliyopewa haijapata kufanywa na mtu yeyote katika maabara yetu ya Kunduchi, na siku watu wakiulizana nani aliifanya, nataka mkono wangu uonekane. Hayo si majivuno. Bosi wangu, Dokta Audax, ni Mhaya wa Bukoba aliyesomea Ulaya, na watani wake husema kujivuna amezaliwa nako. Mimi ni Mzaramo wa Mbweni, nasema kweli tu.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna meli ya kigeni inajaribu mitego kilindini, huko ambako kamba za wavuvi wetu hazijawahi kufika. Inapandisha kaa wakubwa, wengine wekundu, wengine weupe waliofifia kama chai iliyozidi maziwa. Vitabu vinasema wote ni aina moja, na kwamba weupe ni wale waliojivua gamba karibuni, gamba jipya halijapata rangi. Dokta anakubaliana na vitabu. Mimi nimewashika kaa hao, nimewageuza tumbo juu, na nasema ni aina mbili.

"Kusema si kupima, Bi Raudha," Dokta amenijibu. "Pima."

Basi nitapima. Nisipokuwa na jibu la kueleweka kwenye mkutano wa Januari, sampuli zote zitapakiwa kwenda Ulaya, kaa wa bahari yetu wakapimiwe huko, na sisi tungoje majibu kwa posta. 

Alhamisi, 9 Oktoba

Leo tumepika wanga mara tatu.

Niandike jinsi inavyofanyika, maana mama ameniuliza na nimemweleza vibaya. Jeni huzioni kwa macho, lakini kazi yake unaweza kuiona: ndizo zinazoelekeza protini za mwili zitengenezwe vipi, na kila aina ya mnyama ina mtindo wake. Nasaga kipande kidogo cha nyama ya mguu wa kaa, nachovya kijikaratasi kwenye maji yake, nakichomeka kwenye mkate wa wanga ulioganda ndani ya trei, halafu napitisha umeme. Umeme unazisukuma zile protini. Za aina moja hukimbia sawa, za aina tofauti huachana njiani. Mwisho namwaga dawa ya rangi na mistari ya buluu inajitokeza.

Ugumu uko kwenye huo mkate. Povu likiingia, mstari unapinda. Dokta alipika wa kwanza, ukatoka mabonge. Wa pili vilevile. Nikamwambia, "Dokta, naomba uniachie sufuria." Kwetu bibi alikuwa akipika haluwa za harusi, na mimi ndiye niliyekuwa nashika mwiko. Wanga haukorogwi kwa hasira. Wa tatu ukatoka laini, unaona mpaka upande wa pili. Dokta akautazama, akasema kule Ulaya kazi hiyo ilikuwa ya mashine. Nimecheka peke yangu njia nzima.

Jumatano, 15 Oktoba

Mvua.

Ijumaa, 17 Oktoba

Umeme ulikatika mkate ukiwa katikati ya safari. Kazi ya siku nzima imekwenda na maji.

Jumatatu, 20 Oktoba

Vilevile. Dokta kasema redio inaiita mvua hii Elinino. Nimemwambia mimi naiita adui yangu.

Jumanne, 28 Oktoba

Leo umeme umekaa. Nilimwaga rangi, nikasubiri. Mistari ikaanza kuja taratibu. Wekundu wote wamesimama pamoja. Weupe wote wamesimama pamoja, mbele zaidi, hakuna hata mmoja aliyerudi nyuma kukaa na wekundu.

Kama weupe wangekuwa wekundu waliojivua gamba, wangesimama palepale. Mtu akibadili kanzu habadili ukoo.

Nilimwita Dokta. Akavua miwani, akaivaa, akasema, "Rudia." Sikuudhika. Nimeona masikio yake yamekuwa mekundu, na mtu hawi hivyo kwa jambo asilolijali.

Jumatatu, 3 Novemba

Nimerudia kwa kimeng'enya kingine, yaani protini nyingine miongoni mwa zile zinazofanya kazi mwilini. Wameachana tena. Dokta amesema "Vizuri," neno ambalo sijalisikia kwake tangu niajiriwe.

Nikodemu, mwenzetu anayekaa melini kama mwangalizi, ameleta wekundu waliotegwa kusini ya Mafia. Nimewapima pamoja na wekundu wa kwanza waliotoka upande wa Pemba. Mstari mmoja, kama watoto wa baba mmoja. Nimekaa nikifikiria: huko chini hakuna jua, kina kirefu, baridi, na bado ukoo umetawanyika kutoka kaskazini mpaka kusini, na aliyeujua wa kwanza ni mimi, nimeketi Kunduchi kwenye stuli yenye mguu mmoja mfupi.

Jumatano, 12 Novemba

Siku mbaya. Radi imepiga transfoma yetu. Jenereta lina dizeli ya kutwa tu, na barabara ya mjini imekatika, hakuna gari la mafuta litakalofika. Kwenye friza kulikuwa na vichupa vya nyama za kaa wa zamani, na mfuko mkubwa wa wekundu wapya ambao Nikodemu ameutoa kilindi cha kaskazini, chini zaidi kuliko wote tuliowahi kupata. Hao nilikuwa sijawagusa.

Vichupa vimeingia kwenye friji ndogo ya Dokta nyumbani kwake, ile ya mafuta ya taa. Kaa wazima hawakuenea. Nikasema, "Kwa mama kuna friza." Dokta akaniangalia kama mtu aliyeambiwa akaweke fedha za serikali chini ya godoro, lakini hakuwa na njia nyingine. Tukapakia Landrova. Pale Mto Tegeta maji yalikuwa juu ya daraja. Dokta akateremka, akakunja suruali, akatangulia kwa miguu akipapasa barabara ili dereva amfuate. Nilikuwa nimemwona mtu wa kujisikia. Leo nimemwona na maji magotini, ameshika viatu kichwani kwa sababu ya kaa wangu, na nimeona haya kidogo.

Mama alitupokea mlangoni. Anaitwa Bi Somoe, na Mbweni nzima inamjua kwa barafu za ubuyu. Friza lile ndilo lililonisomesha.

"Shikamoo mama," Dokta akasema, ingawa umri wao haupishani sana.

"Marahaba baba. Mnaniletea nini?"

"Kaa, mama," nikasema.

Akarudi nyuma hatua moja. Sisi nyumbani hatuli kaa, hatujawahi. Kwetu kaa si chakula, wala sufuria yake haingii jikoni.

"Kaa, Rau? Kwenye barafu zangu?"

"Wa serikali, mama. Wamefungwa kwenye nailoni."

"Shombo haliijui serikali," mama akasema. Lakini akasogeza barafu zake upande mmoja.

Alhamisi, 20 Novemba

Umeme umerudi Kunduchi. Nimewachukua kaa wangu kwa mama. Miguu yao mingi imepasuka, bila shaka ni kwa kutikisika njiani siku ile. Jambo moja la ajabu: hawana shombo kabisa. Nimeliandika kwenye kumbukumbu za maabara, maana kwa mtafiti kila kitu ni habari.

Jumatatu, 24 Novemba

Niandike kwa utaratibu.

Nimepima wale wekundu wa kilindi cha kaskazini. Kwa sura ni wekundu kabisa, hata Nikodemu aliwaandika hivyo. Kwenye mkate hawakusimama na wekundu. Hawakusimama na weupe pia. Kimeng'enya cha kwanza hakikuonyesha mstari wowote, na cha pili kimeonyesha mstari mpana, mzito, uliobaki nyuma ya wote. Wanane wamefanya hivyo, sawasawa.

Aina ya tatu. Nje mwekundu, ndani mwingine. Jicho lisingemjua milele, jeni zimemtoa mafichoni. Na hana shombo, hilo nalo nililiona mimi.

Dokta ametazama mistari yote, mmoja mmoja. Halafu amenipa mkono. "Hongera, mwenzangu," akasema. Mwenzangu, si Bi Raudha.

Jumanne, 25 Novemba

Sikula mchana. Furaha imejaza tumbo.

Jumapili, 30 Novemba

Anayegundua mnyama hampi jina lake mwenyewe, ni utovu wa adabu, lakini anaweza kumpa la mtu anayemheshimu. Jioni mama alikuwa akifunga barafu kwenye vinailoni. Nikamwambia, "Mama, kuna kaa atakayeitwa Somoe. Jina lako litakaa vitabuni, dunia nzima."

Akaacha kufunga. "Kwa ubaya gani niliokutendea?"

Nikamweleza kwamba ni heshima. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya," akaendelea na kazi. Baadaye nikamsikia uani akimwambia jirani yetu Bi Munira, "Wewe una mtoto Maskati anakutumia mapazia. Mie nina kaa."

Jumanne, 2 Desemba

Dokta amemwambia mkurugenzi. Mkurugenzi amepiga simu wizarani. Kwenye ratiba ya Januari wameandika: aina tatu.

Jumatano, 10 Desemba

Mvua. Ukuta wa choo cha jirani umeanguka. Mimi nimepika mkate mzuri.

Alhamisi, 18 Desemba

Mama amezoea. Kila anayekuja kununua barafu anaambiwa habari za kaa. Leo fundi baiskeli ameniuliza kama kaa mwenyewe anauma.

Jumapili, 28 Desemba

Sijui nianzie wapi, basi nianzie mlangoni.

Nilitoka kumwona shangazi kule Bunju. Nikodemu alikuwa ameshuka melini na kaa wa mwisho wa msimu, akakuta njia ya Kunduchi imefunikwa na maji, akawaleta nyumbani moja kwa moja. Alifanya vizuri. Nikamkuta mama uani, kigoda chini, beseni mbele. Ndani ya beseni wamelala kaa wangu. Mama amekunja mikono ya gauni. Anashika mguu wa kaa, anaugonga kwa mchi upasuke, anaukamulia ndimu, anasugua kwa chumvi, anauachia. Mmoja baada ya mwingine, kama afanyavyo kila mwanamke wa pwani kwa kila kitokacho baharini kabla hakijaingia kwenye friza.

"Mama, unafanya nini?"

"Natoa shombo. Ramadhani inaingia wiki hii, watu watataka barafu za futari. Hawa nikiwatia hivihivi nitauza ubuyu unaonuka?"

"Na wale wa mwanzo?"

"Wale niliwaosha vizuri zaidi. Niliwalaza na ndimu usiku kucha. Hukuona hawanuki?"

Niliona. Niliandika.

Nikakaa chini pale kwenye mchanga. Ndimu ni tindikali, na protini ikikutana na tindikali haibaki ilivyokuwa. Hata samaki mbichi ukimkamulia ndimu nyama inageuka kuwa nyeupe mbele ya macho yako. Mama amekuwa akiniuliza kuna nini. Ningemwambiaje kwamba yule kaa mwenye jina lake alizaliwa kwenye beseni hili?

Nimelia bafuni, maji yakimwagika ili asisikie.

Jumatatu, 29 Desemba

Nimejiuliza swali moja tu: nitajuaje kwa hakika? Kudhani kwamba nimekosea nako ni kudhani.

Nimemchukua mwekundu mmoja wa kusini ya Mafia, ambaye ukoo wake naujua. Miguu ya kulia nimeiacha kama ilivyo. Ya kushoto nimeipasua, nimeikamulia ndimu na chumvi, nimeilaza mpaka kesho. Dokta yuko likizo fupi. Nashukuru.

Jumanne, 30 Desemba

Mguu wa kulia: mwekundu, mstari palepale. Mguu wa kushoto: hakuna mstari kwenye kimeng'enya cha kwanza, na kwenye cha pili mstari mpana, mzito, uliobaki nyuma.

Kaa mmoja, aina mbili, ndimu katikati. Aina ya tatu haipo na haikuwahi kuwepo.

Uchungu ninao. Lakini niandike ukweli wote: nilipoutazama ule mkate, kabla uchungu haujaja, kuna kitu kiliniambia kwamba hii ndiyo kazi safi kuliko zote nilizofanya tangu Oktoba.

Ijumaa, 2 Januari 1998

Ramadhani imeingia. Dokta amerudi. Nimeweka mikate miwili mezani kwake nikamweleza yote, beseni, mchi, ndimu.

Nilitegemea hasira. Tayari alikuwa amemwandikia mwalimu wake wa Ulaya. Akaenda dirishani, akatazama mvua. Aliporudi alikuwa anatabasamu, tabasamu la mtu anayeumwa jino.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna, Dokta."

"Kwa hiyo ungeweza kunyamaza. Wa kilindi cha kaskazini wamekwisha, meli imeondoka. Nani angekufuata?"

"Ningejifuata mwenyewe."

Akavua miwani. "Mimi nimewahi kufanya kazi na watu wenye majina makubwa," akasema, "na si wote waliokuwa na mkate kama huu." Akauvuta ule wa ndimu, akausogeza kwenye taa. "Usiutupe. Utakwenda nao mkutanoni."

Jumatatu, 5 Januari

Ratiba imebadilishwa. Aina mbili. Mkurugenzi hajanisalimia.

Jumatano, 14 Januari

Sijamwambia mama. Nimeogopa. Leo Bi Munira ameniita "mama kaa" na mama akacheka kwa raha.

Alhamisi, 22 Januari

Nimefunga, koo kavu, na ndivyo nilivyosimama mbele yao. Watu wa wizara, watu wa chuo, na mgeni mmoja kutoka Ulaya, yule ambaye sampuli zingepelekwa kwake. Nimeeleza wekundu na weupe, mistari yao, ukoo wa kaskazini na kusini. Nimesema wazi kwamba aina ya tatu ilitangazwa na haipo, na kosa ni langu. Mtu mmoja nyuma akaguna.

Mgeni akainua mkono. Kwa upole kabisa, akauliza swali ambalo lingeniua mwezi mmoja uliopita. Nchi ya joto, umeme unakatika, mafriza yanazimika. Nitajuaje kwamba weupe nao si nyama iliyoharibika tu, ikageuza mistari?

Ukumbi ukanitazama. Nikainama, nikafungua boksi.

"Kwa sababu najua nyama iliyoharibiwa inafananaje," nikasema. "Hii hapa."

Nikauweka mkate wa ndimu chini ya taa, na pembeni yake wa weupe. Aliyeharibika: huku hana mstari, huku ana mstari mnene uliolala nyuma. Weupe: mistari myembamba, safi, iliyotangulia mbele, kwenye vimeng'enya vyote viwili, kaa baada ya kaa. Kuharibika hakumfanyi mtu akimbie zaidi. Mgeni alikuja mbele, akainama, akaangalia kwa muda. Akaniuliza wazo la kujaribu ndimu nilitoa wapi.

Kabla sijafungua mdomo Dokta Audax akasimama. "Jaribio la kwanza lilifanywa na Bi Somoe wa Mbweni," akasema kwa sauti yake ile ya Bukoba, "mtaalamu wa kutoa shombo." Hakutabasamu. Katibu wa mkutano ameliandika.

Sampuli zinabaki Kunduchi. Na mgeni ameomba kutuletea kaa wake wa kilindi cha Atlantiki, tuwapime pamoja na hawa wetu, tuone undugu wao unaanzia wapi. Wao watatuletea sisi. Nimefuturu kwa tende na maji, na sijapata kula tende tamu kama zile.

Jumamosi, 24 Januari

Nimemwambia mama. Nimemweleza yote, tangu beseni la kwanza hadi mkutano. Alikuwa anakoroga ubuyu, hakuacha.

"Kwa hiyo mie kwa ndimu zangu niliwatolea aina nzima," akasema mwisho, "na nyie na mashine zenu mmeipoteza."

"Ndiyo, mama."

"Na jina langu?"

"Limefutwa, mama. Nisamehe."

Akakoroga. Halafu akaniagiza nikalete sukari, nami sikujua kama amenisamehe.

Ijumaa, 30 Januari

Idd. Mvua imekatika, mchanga wa uani umekauka, watoto wanazunguka na nguo mpya. Bi Munira amekuja na sahani ya vitumbua, akakaa, akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Somoe, nimesikia yule kaa wako hayupo. Kweli?"

Nilikuwa mlangoni. Niliona mama anaweka kikombe chini.

"Kweli hayupo," akasema. "Alikuwa si wa kweli, mwanangu kamfuta. Kasimama mbele ya wakubwa wa serikali na Mzungu juu, mchana wa Ramadhani, kamfuta kaa mwenye jina la mama yake kwa sababu si kweli. Wako wangapi, Munira, wangemwacha tu?"

Bi Munira akaanza kupanga vitumbua upya kwenye sahani. Mama akamsogezea chai.

"Rau," akaniita bila kugeuka, "kakate ndimu za pilau."